Reli nyembamba ya mgodi milimani kwenye chumba kidogo: nianze na mlima au na reli?

Mtoto wa Kwotasi (Jinja)

Hamjambo wapenzi wa treni ndogo. Nina swali moja lililozaa mengine, naomba mnivumilie.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia hapa Jinja, nakaribia kustaafu. Marehemu baba alikuwa gadi wa treni, yule anayesafiri kwenye behewa la mwisho, na tulikaa kwotasi za reli Kasese hadi mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kiswahili changu kinatoka pale. Jirani wa kushoto Mluo, wa kulia Mkamba, wa nyuma Mnyamwezi, na bomba la maji moja. Tungegombania ndoo kwa lugha gani nyingine? Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika, kila mmoja alifungasha akarudi kwao, nasi tukaletwa huku.

Tangu zamani nataka kujenga bonde lile kwa udogo wake. Sitaki Kasese yenyewe kamili, kwa kuwa sina picha za kutosha. Nataka mgodi wa kubuni kwenye bonde la kubuni, lakini mtu wa Kilembe, kwenye mgodi wa shaba karibu na Kasese, akiingia chumbani aseme, "Aa, hapa napajua." Juu mdomo wa mgodi, vigari vya mawe vikitoka gizani. Chini stesheni ndogo ya reli ya mita moja, yaani reli zilizoachana mita moja. Katikati mto wenye mawe makubwa.

Miaka miwili iliyopita mwanangu aliyeko Marekani alinitumia seti ya treni ya kuanzia, ile ambayo reli zake zimeachana milimita 16.5. Injini moja ya dizeli, mabehewa manne, reli za duara. Nikachomeka transfoma yake ukutani bila kusoma kibandiko. Ilikuwa ya volti 120 na ukuta wangu una 240. Ilidumu muda wa kusema bismillahi. Harufu ndiyo ilibaki hadi jioni.

Sikukata tamaa. Nikanunua plaiwudi nzima, milimita 9, futi nane kwa nne, nikailaza juu ya meza mbili, nikaanza na mlima, kwa sababu mlima ndio nilioutamani. Nikapanga maboksi, nikafunika na magazeti, na kwa vile plasta ndiyo kazi yangu, nikamimina mfuko mzima wa kilo 25. Ulipendeza kweli! Wiki ya tatu nikaona treni inapunguza mwendo mahali ambapo hapakuwa na mwinuko. Nikaweka rula: ubao umebonyea katikati sentimita mbili. Mwezi wa pili mchwa wakapanda kwa mguu wa meza uliogusa ukuta, wakala boksi lote la ndani, na mlima wangu ukabaki ganda lililokaa juu ya hewa. Niligonga kwa kijiko ukalia kama chungu.

Sasa naanza upya na nataka akili za watu. Nitumie skeli gani ili niwe na reli ya mita moja na pia reli ndogo ya mgodini? Mlima mwepesi hujengwaje? Na treni itapandaje kutoka stesheni hadi mgodini kwenye chumba cha mita tatu na nusu?

---

Geji ya Mita (Nairobi)

Pole dada kwa mlima. Karibu kila mtu hapa ana transfoma aliyoizika, usijione mjinga.

Nianze na skeli, maana ukiikosea hiyo hakuna kitu kitakachokaa sawa. Wengi wataharakisha kukuambia 1:87, yaani kila kitu kipunguzwe mara 87. Ni kweli ndiyo yenye vitu vingi, na reli ya mita moja hapo inakuwa milimita 11 na nusu, hivyo watu hutumia reli za milimita 12. Lakini reli hizo utaagiza Ulaya, injini utaagiza Ulaya, na ukishalipia usafiri na ushuru hutabaki na hela ya gundi. Reli ya mgodini ya sentimita 60 nayo inashuka hadi karibu milimita 7, kidude kinachokwama kwenye vumbi la meno yako.

Jaribu 1:64. Chukua kalamu tupige hesabu. Reli uliyonayo tayari ina milimita 16.5, zidisha kwa 64 unapata milimita 1,056. Mita moja na ushee. Jicho haliwezi kuugundua ule ushee. Wenzetu wa New Zealand hutumia hesabu hiyohiyo kwa reli yao ya milimita 1,067, hivyo si uganga wangu. Kisha chukua reli za treni ndogo zaidi, za milimita 9, zidisha kwa 64: milimita 576. Hiyo ndiyo reli yako ya mgodini! Kwa skeli moja umepata reli mbili, zote za aina inayopatikana kwa wingi na hata kwa mtumba.

Na kuna zawadi ya ziada. Vile vigari vya kuchezea vya Hot Wheels na ndugu zake vinavyouzwa kila soko vinakaribia 1:64. Nasema vinakaribia, kwa sababu watengenezaji huvifinya au kuvivuta vyote vilingane na pakiti, kwa hiyo lori na gari dogo vinaweza kutoka urefu mmoja. Nenda na rula. Hiace ya kweli ina mita 4.7 hivi, ukigawa kwa 64 inakuwa milimita 73. Mtu wa futi tano na nusu ni milimita 26. Ukiijua mizani hiyo utazunguka maduka ya Kikuubo, Kampala, siku nzima ukiona vitu vya reli ambako wenzako wanaona vikorokoro vya watoto.

Ile injini ya Marekani usiitupe. Vua bodi, baki na chasisi na mota, ujenge bodi yako ya kadibodi ngumu juu yake. Kichwa cha reli ya mita ukikipunguza hadi 1:64 kitakaa juu ya chasisi ya 1:87 bila shida, sababu vichwa na mabehewa ya reli ya mita ni mapana sana kuliko reli zake.

---

Mzee wa Breki (Tororo)

Binti yangu, nimesoma habari ya baba yako gadi nikasimama kidogo. Nilikuwa fundi wa breki. Huenda tulikunywa chai sehemu moja.

Nina machache ya kukurekebisha kabla hujaanza kuota. Najua utataka Garratt, kile kichwa kirefu cha mvuke chenye seti mbili za magurudumu, kila mtoto wa reli anataka Garratt. Watu wakisikia jina hilo huchora klasi ya 59, lile jitu lililojengwa na Beyer Peacock kule Manchester. Yalikuwa 34, na kila moja lilipewa jina la mlima. Lililoandikwa Mount Gelai liko makumbusho ya reli Nairobi, kaliangalie. Sasa, lile halikuwa la kwenu. Ekseli yake ilibeba tani 21, na reli nyepesi ya magharibi ingelia. Kazi ya 59 ilikuwa Mombasa na Nairobi. Reli nyepesi zilipewa klasi ya 60, ekseli takribani tani 11, mzigo umegawanywa kwenye magurudumu mengi kama mchwa wanavyobeba panzi. (Samahani kwa kukutajia mchwa.)

Halafu pima urefu. Klasi ya 59 ilikuwa karibu mita 32. Kwa hesabu ya huyo kijana wa Nairobi ni nusu mita nzima ya kichwa cha treni peke yake. Kwenye chumba cha mita tatu na nusu kitatoka stesheni kabla hakijafika.

Pili, mataruma, yale yanayolala chini ya reli. Seti za Marekani zina mataruma ya kuiga mbao, mengi na yamebanana. Kwetu sehemu kubwa yalikuwa ya chuma, yale yaliyokunjwa kama sinia lililopinduliwa. Rangi yake ni kutu, si kahawia ya mbao. Ukipaka kahawia ya mbao mimi nitaona kutoka Tororo. Na injini zilikuwa nyekundu ya damu ya mzee, wenyewe wakiita maruni. Baada ya safari moja ya Kasese zilikuwa nyeusi na vumbi tu.

Tatu, Kasese ndiyo ilikuwa mwisho wa reli. Ilifika 1956, na iliwekwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipelekwa Jinja, hapohapo ulipo, kwenye tanuru lililotumia umeme wa bwawa la Owen Falls. Kwa hiyo ukikaa kwenye dirisha lako hapo Jinja, umekaa mwisho mwingine wa hadithi unayoijenga.

---

Mtoto wa Kwotasi (Jinja)

Mzee, shikamoo. Umenifanya niache kazi ya mtu nusu saa, na alikuwa anasubiri meno yake ya harusi.

Mataruma ya chuma! Nilikuwa nayakanyaga kila siku kwenda shule, yanalia "ko, ko" chini ya kiatu, na nikayasahau kabisa. Nimeshaanza kujaribu: nakata vipande vya bati la kopo, nakunja kingo kwa koleo ninayokunjia waya wa meno. Kumi kwa saa moja. Kwa mita tatu za reli nitazeeka. Halafu nikakumbuka, bati linapitisha umeme, reli zote mbili zitashikana na kuungua tena. Basi nimerudi kwenye plastiki, nitakwangua mistari ya mbao na kupaka kutu.

Geji ya Mita, hesabu yako imenikaa. Jumamosi nilikwenda Kampala na rula kwenye mkoba. Muuza vitu vya watoto aliniuliza, "Mama, unapimia mjukuu gari?" Nikamwambia ndiyo, maana kueleza kungechukua asubuhi nzima. Nimepata lori la tipa moja lililo sawa kabisa na matatu mbili ambazo ni fupi kidogo. Zitakaa nyuma, mbali na macho.

Bado sijajibiwa habari ya kupanda. Kwenye karatasi nimechora reli inazunguka mlima mara mbili kama nyoka. Je, itawezekana?

---

Lehemu (Mazeras)

Umemuuliza mtu wa mahali penyewe. Hapa kwetu reli ya zamani ilijizungusha ikapita juu yake yenyewe ili ipande kutoka pwani. Mababu walikuja kuishangaa. Basi tupige hesabu ya Mazeras yako.

Treni ndogo hupanda vizuri 2 kwa 100 (sentimita 2 juu kwa kila sentimita 100 za reli), huhema 3 kwa 100, na 4 kwa 100 huburuta mabehewa mawili matatu tu, tena kona ikiwa kali hata hayo yanagoma. Ili treni moja ipite juu ya nyingine kwa 1:64 unahitaji kama sentimita 8 pamoja na unene wa daraja. Kwa 3 kwa 100, sentimita 8 zinataka mita 2.7 za reli. Duara la nusu kipenyo sentimita 46 lina mita 2.9. Kwa hiyo ndiyo, mzunguko mmoja unakutosha kwa tabu. Lakini duara hilo lina upana wa karibu mita moja. Ubao wako wote umekuwa skrubu, na nusu ya treni haionekani kwa kuwa iko tumboni mwa mlima. Treni ikianguka mle ndani utaingiza mkono hadi begani, ukiomba Mungu usiguse mjusi. Mimi nilifanya hivyo miaka mitatu. Nilibomoa.

Kwa nini unataka treni ipande? Mgodini mawe ndiyo hushuka. Weka reli ya milimita 9 juu, kwenye ngazi ya mlima, iwe tambarare kabisa, inatoka shimoni na kuishia kwenye mdomo wa tangi la mbao au la bati. Weka reli ya stesheni chini, nayo tambarare. Kati yao weka mfereji wa kumwagia mawe. Kigari kinapinduka juu, changarawe inateremka, inaingia behewani chini. Hata kimo cha sentimita 25 umekipata bure, bila mwinuko hata mmoja, na treni zako mbili hazikutani kamwe.

Na umeme: achana na transfoma ya ukutani. Chukua betri ya pikipiki ya volti 12, weka fyuzi ya ampea moja au mbili karibu kabisa na betri, kisha kidhibiti mwendo cha mota ndogo, vinauzwa na mafundi wa sola. Umeme ukikatika mtaa mzima, treni yako inaendelea. Majirani watakuja kuchaji simu.

---

Mwana wa Nyamwamba (Kilembe)

Nimesoma yote nikiwa nimekaa mita mia mbili kutoka mto Nyamwamba, huo mnaoujengea plasta. Niruhusuni nilalamike kidogo.

Nimeona michoro mingi ya migodi ya milimani ya watu wa treni ndogo. Yote ni Colorado, kule Marekani. Daraja refu la magogo, majabali makavu ya rangi ya chungwa, miti ya misonobari, jengo la mbao lililoegemea mwamba. Si vibaya, kule ndivyo kulivyo. Reli yao, iliyoachana futi tatu, ilifika mji wa migodi wa Silverton 1882, wakaifanya nyembamba kwa sababu ilikata kona kali na kuhitaji mwamba mchache wa kupasua. Lakini ukiliweka daraja lile la magogo kwako, dada, umeondoka milima yetu ya Rwenzori.

Huku kwetu ni kijani, kijani mpaka inachosha. Mteremko umesimama wima na bado kuna mtu amepanda kahawa na mihogo juu yake. Migomba inafika ukingoni mwa barabara ya mgodi. Mwamba unauona pale tu ulipokatwa au palipoporomoka. Kwa hiyo ukitumia ujuzi wako wote wa plasta kuchonga majabali, utakuwa umechonga kitu ambacho sisi hatukioni. Mwamba weka sehemu tatu tu: mdomoni mwa shimo, ukutani nyuma ya mfereji wa mawe, na mtoni.

Mto ndio usiukosee. Mawe ya Nyamwamba ni ya mviringo, meupe na ya kijivu, mengine makubwa mno. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliyasukuma mpaka ndani ya nyumba za watu, na hospitali ikaharibiwa. Usiweke mto mzuri wa maji ya buluu katikati ya nyasi. Weka uwanja mpana wa mawe, na maji membamba yanayopita upande mmoja kama yamepotea njia. Na kama mgodi wako ni wa miaka ya sabini, kabla ya hayo, mto ubane kidogo na nyumba za wafanyakazi zikae karibu. Wewe ndiye utakayechagua mwaka.

Rangi ya shaba: watu humwaga kijani kila mahali. Hapana. Mabaki ya mgodi yana madini ya chuma na salfa, yakikaa hewani na mvuani yanakuwa njano chafu na kahawia ya kutu. Hiyo ndiyo rangi kubwa. Kijani cha shaba ni mchirizi tu, pale maji yanapovuja kwenye ufa, upana wa kidole.

Na vilele vya theluji usivichore ukutani. Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, ina mita 5,109 lakini ukiwa huku bondeni huioni, mbele yako kuna kilima kingine, na juu ya kilima kuna wingu. Chora wingu.

---

Geji ya Mita (Nairobi)

Huyu bwana wa Nyamwamba amenifanya nifute mchoro wangu mwenyewe. Dada, kama bonde lenyewe ni jembamba, ubao wa futi nne ni wa nini? Kata ile plaiwudi kwa urefu, uunge vipande. Weka rafu ya upana wa sentimita 45 kando ya ukuta, mita tatu. Mtazamaji asimame pale ulipo mto. Mlima uanze kifuani mwake na upande hadi juu ya kichwa. Mkono wako utafika kila sehemu.

Na plaiwudi ya milimita 9 haikubonyea kwa sababu ya plasta peke yake. Ilikosa mbavu. Gundisha mbao za inchi mbili kwa moja chini yake, kila sentimita 40. Rafu hiyo uitundike kwa vyuma vya pembe, isiguse sakafu popote. Mchwa watafute njia nyingine.

---

Mtoto wa Kwotasi (Jinja)

Nimekaa kimya wiki tano, nilikuwa kazini, kazi zote mbili.

Rafu iko ukutani. Mita tatu na sentimita kumi, mbavu saba. Fundi seremala alidhani ni ya vyombo, aliponiona naweka mlima juu yake aliomba kuongezewa misumari.

Sasa, habari ya plasta nitawafundisha mimi, kwa kuwa nimekula mkate wake miaka thelathini na tatu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kufikiri kama mtu wa mlima badala ya mtu wa meno. Hakuna fundi anayejaza mdomo wa mtu plasta mpaka kooni! Tunatengeneza ganda. Safari hii nimekata vipande vya katoni upana wa kidole gumba, nikavisuka kama ukili, juu kwa chini, nikavibana na gundi nyeupe ya seremala. Ukiutazama ulikuwa kama tenga la kuku lililokaliwa na mtu mzito. Juu yake nikatandaza vipande vya shashi ya hospitali vilivyochovywa kwenye plasta nyepesi. Tabaka mbili tu. Unene wa milimita nne. Mlima wote umekula kilo tatu na nusu, nilipima.

Kwa gramu mia za plasta ya kawaida weka maji mililita hamsini. Tia unga kwenye maji, si maji kwenye unga, uuache unywe wenyewe kama nusu dakika kabla ya kukoroga, usipate mapovu. Maji yakizidi mlima utakuwa laini na kuchubuka. Yakipungua itashika kikombeni kabla hujafika kwenye shashi. Ukitaka ishike upesi, chembe chache za chumvi. Ile plasta ngumu ya manjano tunayomiminia meno msiitumie mlimani, hairuhusu kisu. Lakini kwa mawe ya mto ni dhahabu, maana haimeguki kona.

Na mawe ya mto ndiyo nimeyafurahia kuliko yote. Binamu yangu alipita Kasese, nikamwomba aniletee mawe madogo ya Nyamwamba, akaniletea mfuko mzima wa sukari umejaa. Nikayachukulia alama kwa ule unga tunaochukulia alama ya meno, ule wa rangi ya waridi unaonukia minti. Ukishashika umimine papo hapo, ukiuacha hadi kesho unasinyaa na jiwe linatoka limekonda. Nimemimina mawe 140. Kliniki nzima inanuka minti, na mteja mmoja ameuliza kwa nini nina sinia la magego makubwa namna ile dirishani.

Mwana wa Nyamwamba, kwa mchirizi wa kijani niliweka vipande vya waya wa shaba kwenye siki na chumvi, kopo wazi, siku sita. Imetoka rangi ambayo duka halina. Nilipaka upana wa kidole kama ulivyoagiza, mbali na reli kwa sababu siki inakula chuma, na kopo nimelifungia kabatini, ile ni sumu na wajukuu wana mikono mirefu. Njano chafu ni udongo wa murami niliochekecha kwa kipande cha soksi ya nailoni na kuchanganya na gundi na maji. Kokoto za reli nazo ni murami huohuo, zile chenga zilizobaki juu ya soksi.

Migomba imenitesa. Jani la kweli la mita mbili na nusu linakuwa kama sentimita nne. Nimekata karatasi ya daftari, nikapitisha waya mwembamba katikati, nikazipaka rangi, halafu nikazichana kingo kwa wembe, kwa kuwa jani la mgomba lisilochanika na upepo ni la plastiki. Nina migomba kumi na moja. Nilipanga sitini. Tusiongelee.

Injini ya Marekani imevuliwa nguo. Bodi ya kadibodi bado ni boksi la viatu tu, lakini ina maruni.

---

Mzee wa Breki (Tororo)

Vizuri sana. Sasa niambie, behewa la gadi umeliweka wapi?

---

Mtoto wa Kwotasi (Jinja)

Mzee, umenishika pabaya. Seti ilikuja na behewa moja la mwisho, jekundu, lina kibanda kidogo kimechomoza juu ya paa na madirisha pande zote. La Marekani hilo. La baba halikuwa na kibanda. Lilikuwa na veranda nyuma, na kwenye veranda kulikuwa na ndoano ambapo alitundika birika.

Nimekikata kibanda leo asubuhi kwa msumeno wa meno. Veranda nimeikunja kwa waya. Birika linatakiwa liwe na milimita tatu. Nimemimina manne kwa plasta ya manjano, mawili yamevunjika mpini, moja limepotea sakafuni, na hili la nne liko hapa mbele yangu juu ya kucha, linakauka.

---

Lehemu (Mazeras)

Usipige chafya.